RISASI ISIYO NA RISASI
Mambo ambayo kila mkulima yafaa ayajue juu ya nyama ya porini na sumu inayoweza kuwamo

Mkulima mmoja wa mashamba ya skimu karibu na Fort Ternan ametuletea swali ambalo tumeona ni jema kulijibu mbele ya wote. Anasema hivi: “Shemeji yangu anakaa Tanzania, naye ana leseni ya kuwinda. Ameambiwa aache kununua risasi za kawaida, anunue zile za shaba tupu, na bei yake ni kubwa zaidi. Tukienda kumtembelea wakati wa likizo, watoto wetu hula nyama anayoileta. Je, ni kweli kwamba risasi za zamani huacha sumu katika nyama, au haya ni maneno ya wenye maduka wanaotaka kuuza?”

Jibu letu ni fupi: ni kweli. Lakini jibu fupi halimsaidii mtu kuchagua, wala halimwambii la kufanya na nyama iliyokwisha kuletwa jikoni. Basi tutaeleza jambo hili hatua kwa hatua.

KWANZA, SHERIA YETU

Kabla ya yote, mkulima wa Kenya akumbuke kwamba uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku katika nchi yetu tangu mwezi wa Mei mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikulegeza katazo hilo. Kumwinda mnyama kwa ajili ya nyama, au kuwa na nyama yake nyumbani, au kuiuza, ni kosa lenye faini kubwa au kifungo. Haidhuru kama mnyama aliuawa kwa bunduki, kwa mshale, kwa mbwa au kwa tego la waya.

Hapa Fort Ternan, mahali ambapo Dkt. Louis Leakey alifukua mifupa ya wanyama wa kale mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanyama wa porini hawajaisha. Mkulima anayepanda mahindi karibu na msitu anawajua vizuri nyani, ngedere, nguruwe wa mwituni na nungunungu. Wakiharibu mimea, piga ripoti kwa kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kilicho karibu nawe, tena upesi, kabla alama hazijafutika. Usichukue bunduki, wala usitege waya, wala usiweke sumu. Kamati ya wanyamapori ya kaunti ndiyo inayopokea madai ya fidia kwa wanyama waliotajwa katika sheria.

Nchi jirani zina sheria zao. Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni chini ya sheria yake ya mwaka 2009, na mwaka 2020 iliweka kanuni za kuuza nyamapori katika mabucha yenye kibali. Uganda iliruhusu tena uwindaji wa namna hiyo mwaka 2001, kuanzia mashamba yaliyo kando ya hifadhi ya Ziwa Mburo. Kwa hiyo shemeji wa mkulima wetu havunji sheria akiwinda kwake kwa leseni. Lakini mkulima mwenyewe asifunge nyama ile katika mfuko akavuka nayo mpaka. Ailie kule kule, arudi mikono mitupu.

JINA MOJA, VITU VIWILI

Lugha yetu ya Kiswahili imeificha habari hii katika neno moja. Risasi ni kile kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Tena risasi ni madini yale mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yanayopatikana ndani ya betri ya gari. Kitu cha kwanza kiliitwa kwa jina la cha pili, kwa maana zamani zote kilitengenezwa kwa madini hayo. Katika makala hii tutasema “madini ya risasi” tukitaka kutaja ile sumu, na “kichwa cha risasi” tukitaka kutaja kile kipande kinachoruka na kumpata mnyama.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki nyuma yake, baruti ndani, na kichwa mbele. Katika risasi za kawaida za kuwindia, kichwa kimejazwa madini ya risasi, na nje kimevikwa koti jembamba la shaba. Mtu akikitazama huona shaba inang’aa, akadhani ni shaba tupu. Sivyo. Ni kama andazi lililojazwa nyama: ukitazama nje huoni kilichomo.

Zile risasi mpya, ambazo wawindaji wengine huziita za shaba tupu, zina kichwa cha shaba nyekundu kutoka ncha hadi kitako, au cha shaba iliyochanganywa na zinki. Hakuna madini ya risasi ndani yake. Zilianza kupata jina miongoni mwa wawindaji tangu kampuni ya Barnes ya Marekani ilipotoa kichwa cha shaba kinachofunguka mbele, mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo makampuni mengi huzitengeneza.

INAKUWAJE KICHWA KINAPOMPATA MNYAMA?

Kichwa cha kuwindia kimetengenezwa ili kifunguke kama ua kinapoingia katika nyama, kusudi mnyama afe mara moja asiteseke. Madini ya risasi ni laini, kwa hiyo hufunguka vizuri. Lakini pia huvunjika. Kichwa kinachokwenda kasi kikigonga bega au ubavu hutoa vipande vingi sana, na vingi ni vidogo kama vumbi la unga. Vipande hivi havikai katika tundu la jeraha tu. Hutapakaa mbali katika nyama inayoonekana safi kabisa, mahali ambapo kisu cha mchinjaji hakifiki kwa sababu jicho halikuona kitu.

Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walichapisha habari za jaribio ambalo mkulima ataielewa mara moja. Walichukua ayala 30 (mnyama wa kule anayefanana na kulungu wetu) waliopigwa na wawindaji kwa risasi za kawaida. Nyama ilikatwa na kufungwa na wachinjaji wa biashara, nao hawakuambiwa kitu. Kisha pakiti zilipigwa picha za eksirei. Ayala 24 kati ya 30 walionekana kuwa na vipande vya madini katika nyama yao ya kusaga. Halafu wataalamu wakawalisha nguruwe wanne nyama yenye vipande, na nguruwe wengine wanne nyama isiyo na vipande. Siku mbili baadaye walipima damu. Wale wa kwanza walikuwa na madini ya risasi katika damu zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Basi vipande havipiti tumboni na kutoka vyote. Sehemu yake huyeyuka na kuingia katika damu.

Shaba ni ngumu kuliko madini ya risasi, wala haivunjiki ovyo. Kichwa cha shaba hufungua petali zake mbele na kubaki karibu na uzito wake wote, kisha mara nyingi hupita upande wa pili. Kama petali moja ikikatika, ni kipande kikubwa kinachoonekana na kuondolewa. Tena shaba si sumu ya namna ile. Wakulima wa kahawa wa Fort Ternan na Kipkelion wanaifahamu shaba, kwa maana dawa za shaba ndizo tunazopulizia kuzuia kutu ya majani. Ni kweli shaba nyingi hudhuru, lakini mwili wenyewe huhitaji kidogo ili ufanye kazi. Madini ya risasi mwili hauyahitaji hata kidogo.

SUMU HII HUFANYA NINI MWILINI?

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha madini ya risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii haina ladha wala harufu. Mtu hali leo akaanguka kesho. Hukaa katika mifupa na meno kwa miaka mingi, ikijikusanya kidogo kidogo. Kwa mtu mzima huleta shinikizo la damu na ubovu wa figo. Kwa mwanamke mwenye mimba, ile iliyolala mifupani huamka na kuingia katika damu, ikamfikia mtoto aliye tumboni.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Tumbo la mtoto hunyonya mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima kutoka kitu kile kile walichokula wote. Sumu hudhuru ubongo ungali unakua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, hasikii vizuri anachoambiwa, hukasirika bure. Na baba husema “mtoto huyu ni mvivu,” kumbe si uvivu. Dhara hilo la ubongo likiisha kuingia halitibiki.

Kwa sababu hiyo serikali ya Ujerumani, kwa kupitia ofisi yake ya kuchunguza hatari za vyakula, imewashauri watoto hadi umri wa miaka 7, wanawake wenye mimba na wanaotaka kushika mimba, wasile kabisa nyama ya mnyama aliyepigwa kwa madini ya risasi. Hivyo swali la mkulima wetu juu ya watoto wake lilikuwa swali la haki.

NDEGE NA MBWA

Mwindaji akipasua mnyama porini huacha matumbo na nyama iliyochafuka. Tumbusi hushuka na kula vyote, pamoja na vipande. Huko Botswana wataalamu walipima damu ya tumbusi 566, na katika habari walizotoa mwaka 2018 walionyesha kwamba karibu theluthi moja walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi, na kiasi kilipanda zaidi wakati wa majira ya kuwinda. Huko California ndege mkubwa anayeitwa kondori alibaki 22 tu duniani mwaka 1982. Alipozalishwa na kurudishwa porini, madini ya risasi ndiyo yaliyoendelea kumwua kuliko kitu kingine. Kwa hiyo jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 1, 2019 hakuna ruhusa ya kuwinda huko kwa risasi zenye madini hayo. Denmark nayo ilikataza marisau yenye madini ya risasi mwaka 1996, na vichwa vya bunduki mwaka 2024.

Mfugaji asiseme, “Tumbusi ananihusu nini?” Tumbusi ndiye bwana afya wa malisho bila mshahara. Ng’ombe akifa kwa maradhi, yeye humaliza mzoga kabla mbwa na fisi hawajautapanya. Na mbwa wako anayelishwa masazo ya nyama hula sumu ile ile.

JINSI YA KUCHAGUA

Sasa tuje kwa shemeji. Akitaka kubadili, afuate maagizo haya:

1. Asome sanduku kwa makini. Risasi “iliyovikwa shaba” si risasi ya shaba. Sanduku liseme kwamba kichwa hakina madini ya risasi kabisa. Kama halisemi, amwulize muuzaji. Na muuzaji asipojua, aliache.

2. Asitumie risasi za kijeshi. Nyingi zina madini ya risasi ndani, tena koti lake halifunguki. Mnyama hutobolewa tu, akakimbia na kufia mbali baada ya mateso.

3. Achague kichwa chepesi kidogo. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina uzito wa gramu 11.3, ya shaba gramu 9 tu. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito ule ule huwa kirefu zaidi, na mtutu wa bunduki nyingine hauwezi kukizungusha sawasawa, nacho kikayumba hewani. Mtu aliyezoea kichwa cha gramu 11.7 katika bunduki ya .30-06 atafaa kujaribu cha gramu 10.7 au 9.7. Hatapoteza nguvu, kwa kuwa shaba haipunguzi uzito wake ndani ya mnyama.

4. Asipige kutoka mbali mno. Shaba ni ngumu, nayo huhitaji kasi ili ifunguke. Vichwa vingi hufunguka vizuri vikifika kwa mnyama vikiwa na kasi ya mita 600 kwa sekunde au zaidi. Vikipungukiwa na kasi hupita kama msumari. Kila mtengenezaji hueleza kasi ya vichwa vyake. Ayasome maelezo hayo, kisha asogee karibu.

5. Asafishe mtutu, halafu alenge upya. Kila aina ya risasi hupiga mahali pake. Asichukue sanduku jipya akaenda moja kwa moja porini. Asugue mtutu mpaka uchafu wa zamani utoke, apige shabaha mahali palipo salama na halali, arekebishe. Kama bunduki haipendi aina moja, ajaribu nyingine.

6. Aangalie nyuma ya mnyama. Kichwa cha shaba mara nyingi hutokea upande wa pili kikiwa bado na nguvu. Nyuma pawe na kilima au udongo, pasiwe na mnyama mwingine wala njia ya watu.

7. Atofautishe vichwa vya kufunguka na vichwa vigumu. Vigumu, visivyofunguka, ni vya wanyama wakubwa mno kama nyati. Swala na pofu hupigwa kwa vya kufunguka. Vyote viwili hupatikana bila madini ya risasi.

Juu ya bei, ni kweli risasi hizi mara nyingi ni ghali zaidi. Lakini mwindaji wa haki hatumii sanduku zima kwa mnyama mmoja. Akihesabu leseni, safari, mafuta ya gari na siku alizopoteza, ataona kwamba risasi moja au mbili ndizo gharama ndogo kuliko zote.

MARISAU NA GOBORE

Wanaopiga ndege kwa marisau wanaweza kutumia ya chuma au ya bismathi. Chuma ni chepesi, kwa hiyo huchagua punje kubwa kidogo, na kupiga karibu. Lakini bunduki kuukuu ionyeshwe kwanza kwa fundi wa silaha, maana marisau ya chuma yanaweza kuharibu mtutu usiotengenezwa kwa ajili yake.

Gobore ni hatari kwa njia mbili. Mtutu wake waweza kupasuka usoni. Na mtu anayeyeyusha madini ya risasi nyumbani ili ajitengenezee vichwa huwavutisha jamaa zake wote moshi na vumbi lenye sumu.

NYAMA IKIISHA KUFIKA JIKONI

Kama nyama imetoka kwa mnyama aliyepigwa kwa risasi ya zamani, kuichemsha hakuondoi sumu, maana moto haumalizi madini. Siki, ndimu na nyanya huifanya iyeyuke zaidi. Kuikata sehemu iliyo karibu na jeraha kwa upana mkubwa hupunguza hatari, bali haimalizi. Usiisage nyama ya bega au ya ubavu uliopigwa, kwa sababu kinu hutawanya vipande katika nyama yote. Na watoto na wenye mimba wapewe kitoweo kingine. Kuku mmoja wa nyumbani ni bora kuliko paja zima la mashaka.

HATARI ILE ILE HAPA KWETU

Labda utasema, “Mimi siwindi, wala sina shemeji Tanzania.” Basi tazama ghalani mwako. Betri kuukuu ya gari au ya taa za jua ina madini yale yale, kwa kilo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Watoto waliugua na watu walikufa. Bibi Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na ambaye mtoto wake mwenyewe alipatwa na sumu, aliongoza wakazi kudai haki yao. Na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea kwa rufani hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hiyo: usivunje betri nyumbani. Usiyeyushe madini yake kwa kutengeneza chambo za nyavu au kitu kingine. Usiwape watoto vipande vyake wachezee. Irudishe kwa muuzaji au kwa mnunuzi mwenye kibali. Na ukishuku kwamba mtoto amekula au amevuta sumu hii, mpeleke hospitali, uwaambie wazi waganga unachokishuku, ili damu yake ipimwe.

MANENO YA MWISHO

Kwa miaka mingi motokaa zetu zilitumia petroli yenye madini ya risasi, na tulidhani haiwezekani vinginevyo. Tangu mwanzo wa mwaka 2006 nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuiuza, na motokaa zinakwenda bado. Vivyo hivyo bunduki itapiga bila madini hayo.

Basi, mkulima wa Fort Ternan, mpelekee shemeji yako gazeti hili. Mwambie hujamkataza kuwinda katika nchi yake kwa leseni yake. Umemwomba tu abadili sanduku moja la risasi kwa ajili ya wapwa zake wanaokula mezani pake.